Sikio Lililoifundisha Mashine

Hospitali kubwa ya rufaa ilikuwa na chumba kimoja kisicho na dirisha, na ndani yake alikaa mtu ambaye kwa miaka thelathini na minne wagonjwa hawakuwahi kumwona sura, ingawa wengi walimwombea dua. Alikuwa opereta wa simu. Wenzake walimwita Sikio, naye akaitika, maana jina la kubandikwa likishakolea hata mwenye nalo husahau alilopewa na mama yake.

Kazi yake ilionekana ndogo mpaka uijaribu. Simu ililia, yeye akasema, "Hospitali, habari," kisha akanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kulikokuwa ufundi wenyewe. Mpigaji akitoa maneno matatu, manne, Sikio alishajua ni lugha gani, na kabla mtu hajamaliza kueleza tumbo linavyomsokota alishaunganishwa na mkalimani wake. Lugha kumi na moja zilikuwa na wakalimani, na zote Sikio alizitambua kama mtu anavyotambua hatua za watu wa nyumbani kwake koridoni. Kuziongea ni habari nyingine. Nyingi alijua kusema asante tu, na moja alijua tusi moja alilofundishwa na dereva wa gari la wagonjwa, ambalo hakupata nafasi ya kulitumia kazini.

Wauguzi wa mapokezi waliwahi kumpigia simu wakiigiza lafudhi, ili wamnase. Waliacha baada ya wiki moja. Mchezo ambao upande mmoja haukosi hauchezeki.

Lakini kilichompa jina hakikuwa hicho. Wapigaji wengi walianza kwa lugha ya mjini, ile ya wote, kwa sababu hospitali ni mahali pa heshima na mtu huvaa lugha yake ya kutokea. Sikio hakusikiliza vazi. Alisikiliza pumzi iliyotangulia neno, mahali sauti inapopanda na mahali inapozama. Kisha alisema taratibu, "Subiri mama, nakuunganisha na mtu wa kwenu." Wako waliolia kwa faraja. Kikongwe mmoja alimletea kuku mzima, mwenye uhai wake, ambaye aliachwa mapokezi na kusababisha kikao cha utawala. Wako pia walionyamaza, wakauliza nani kamwambia, wakakata simu. Hao Sikio aliwaandika daftarini kuwa laini imekatika.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuambiwa na Sikio kuwa anatokea wapi, naye ni dada yake.

Dada alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mwenye chumba cha kazi nyuma ya posta. Alikuwa na miaka sitini na minne, saba zaidi ya Sikio. Yeye ndiye aliyemleta mjini akiwa na miaka kumi na mitano, akamlisha na kumsomesha kwa kola na mapindo ya watoto wa watu. Sharti lake lilikuwa moja, nalo lilitolewa siku ya kwanza, mlangoni, kabla mdogo mtu hajatua begi: humu ndani hakisemwi kikwetu. Hata neno. Ukijikwaa, jikwae kwa lugha ya mjini.

Sikio hakuuliza sababu. Alikuwepo siku sababu ilipozaliwa.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Shule zilikuwa zimefungwa, naye amepelekwa kukaa kwa dada na shemeji. Mchana mmoja, kupitia ukutani, alisikia maneno ya shemeji, halafu kishindo, halafu mfupa. Dada akarudi kwao akiwa ameupakata mkono wake wa kulia kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake. Ukoo ukakaa kikao. Shemeji akaeleza kuwa mke wake aliteleza kwenye tope. Baba wadogo na wajomba wakasema kwa zamu kwamba arudi kwa mumewe, na wakalisema kwa methali nzuri sana, kwa maana kikwao ni lugha yenye methali nyingi na karibu zote ziko upande wa mume. Mwishowe baba mkubwa akamgeukia mtoto aliyesimama mlangoni.

"Wewe ulikuwepo. Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu," alisema.

Dada hakumwangalia. Aliondoka asubuhi yake, wala si kwa kwenda kwa mume. Tangu hapo, kwa miaka arobaini na mitano, hakuna aliyemsikia akitamka neno la kikwao. Watu wanaopenda kusema mwacha asili ni mtumwa hawaulizi asili ilimtenda nini huyo mtumwa kabla hajaiacha.

Aliamini ameifuta. Wateja walimchukulia kuwa mzaliwa wa mjini, naye hakuwakatalia. Sikio peke yake alijua. Dada alipouliza swali, sauti yake ilishuka mwishoni polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani akipapasa kwa mguu. Ndivyo waulizavyo kwao. Sikio alisikia hilo kila Alhamisi, siku waliyokula pamoja chakula cha mchana kati ya vitambaa, na kila Alhamisi alilimeza pamoja na chakula.

Kisha utawala ukaleta mashine.

Mashine yenyewe haikuwa na umbo la kutisha. Ilikuwa programu ya kompyuta iliyokuja na Mhandisi, mwanamke wa makamo mwenye miwani na subira, na kazi yake ilikuwa kupokea simu, kusikiliza sekunde chache, kuitambua lugha, kumsalimia mpigaji kwa lugha hiyo na kumuunganisha. Haiugui wala haidai likizo. Watu wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutaja mwenyeji akishapona atahamishiwa wapi. Mashine ilifika haijui chochote, kama watumishi wengi wanaoletwa na utawala, ila hii ilikubali kufundishwa. Na mwalimu angekuwa nani kama si Sikio?

Kwa miaka mingi hospitali ilikuwa ikirekodi simu kwa ajili ya kuboresha huduma, na hakuna aliyewahi kuzisikiliza wala kuboresha. Mhandisi alizikatakata zikawa vipande elfu kumi na moja vya sekunde kumi kumi. Sikio alivaa hedifoni, akawa anasikiliza kipande na kubonyeza kitufe. Kila lugha ilikuwa na kitufe chake, kilichobandikwa karatasi ya rangi: kumi na moja za wakalimani, na cheupe cha lugha ya mjini. Ukutani palikuwa na agizo moja: *Chagua lugha inayozungumzwa.*

Sikio alilisoma agizo hilo akalionea huruma. Aliyeliandika hakuwahi kupokea simu. Akija mama anayesema kwa lugha ya mjini kwamba mtoto anachemka, huku pumzi yake yote inatoka kwingine, ubonyeze cheupe, na kesho mashine imwache ajikongoje peke yake? Yeye hakuwahi kumwacha mtu hivyo. Akabonyeza lugha ya kwao mama huyo. Akafanya hivyo kwa wa pili, na kwa wa mia mbili. Hakumwambia mtu, na si kwamba alificha. Mpishi haendi kutangaza kuwa ameonja chumvi.

Wiki ya tano kikaja kipande cha sauti ya mwanamke: "Naomba kuuliza, kliniki ya macho inafunguliwa siku gani?" Swali likashuka mwishoni, ngazi kwa ngazi.

Sikio alivua hedifoni. Akazivaa tena. Lugha ya Dada ilikuwa ya mjini, safi, haina doa. Agizo la ukutani na sharti la mlangoni kwa dada yake vilisema kitu kimoja, na kidole chake tayari kilikuwa juu ya cheupe. Hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo baadaye aliligeuza na kuligeuza kama mtu anayetafuta uso wa kitambaa: kwamba aliwahi kuulizwa alisikia nini, akasema uongo. Hakutaka kuusema mara ya pili. Akabonyeza kitufe cha kikwao, na akajisikia mwaminifu mpaka saa ya chai.

Wiki ya saba, wakalimani walirekodi salamu, kila mmoja kwa lugha yake. Mkalimani wa kikwao alikuwa amejifungua, hayupo kazini, basi Sikio akajitolea. Mhandisi hakuielewa lugha hiyo, kwa hiyo hakujua kuwa Sikio aliongeza maneno. Alisema: karibu, usihangaike, tumekusikia, mtu wa kwenu anakuja kuzungumza nawe.

Mashine ikapewa mtihani, ikapata tisini na sita kwa mia. Keki ikakatwa. Sikio alihamishiwa meza ya wageni, kazi ya kugawa vitambulisho vya plastiki kwa watu wanaokwenda wodini, na kuvidai wanapotoka.

Wakati huo Dada macho yalikuwa yanamtupa. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Uzi aliutunga kwa kupapasa, na mwalimu mkuu mmoja alishamrudishia shati lenye mfuko ulioshonwa mgongoni, akauliza kwa upole kama ndiyo mtindo mpya. Baada ya miezi ya kungoja alipangiwa siku ya upasuaji. Utaratibu ulikuwa kwamba mgonjwa mwenyewe apige simu wiki moja kabla kuthibitisha. Asipofanya hivyo, nafasi anapewa wa nyuma yake. Sikio alimtia moyo. Alimwambia apige tu, siku hizi simu haichelewi.

Dada alipiga Jumanne. Alhamisi Sikio alipofika na chakula, mlango wa chumba cha kazi ulikuwa umefungwa, na ndani cherehani inakwenda. Alibisha. Cherehani ikasimama, kisha ikaendelea. Fundi viatu, aliyekaa barazani hapo na kila mara alikuwa na misumari midogo mdomoni, aliitoa mmoja mmoja akaiweka kwenye kopo.

"Fundi kasema ukija, hayupo."

"Lakini namsikia."

"Hata mimi namsikia," fundi viatu alisema. "Ila kasema hayupo."

Alhamisi iliyofuata ikawa vilevile, isipokuwa fundi viatu hakuona haja ya kutoa misumari. Alitikisa kichwa tu. Sikio akaenda moja kwa moja kliniki ya macho, akaomba kuona orodha. Nafasi ya dada yake alishapewa mtu mwingine. Hakuthibitisha.

Alimfuata Mhandisi, akamwomba amtafutie simu ya Jumanne ile. Ilikuwa ya sekunde kumi na nane. Sauti ya dada yake ilisalimia na kusema amepiga kuthibitisha siku yake, je, inawezekana? Pakapita kimya kifupi cha mashine kufikiri. Halafu ikaja sauti ya Sikio mwenyewe, kwa kikwao, nyororo, ikimwambia asihangaike, wamemsikia, mtu wa kwao anakuja. Kisha pumzi ya mtu. Kisha hakuna. Mbele ya simu hiyo mashine ilikuwa imeandika maneno iliyoyakuta katika daftari la mwalimu wake: *laini imekatika.*

Sikio aliketi. Akaeleza yote, vipande na vitufe, bila kujitetea sana. Mhandisi alivua miwani.

"Mzee, vingapi?"

"Sijui. Kila nilipomsikia mtu anatoka mahali."

"Na hukuwahi kumsikia mtu asiyetoka mahali?"

Sikio alifikiri, akasema ni wachache. Akaomba kile kimoja tu, cha dada yake, kitolewe. Mhandisi alimweleza kwa utaratibu kwamba kipande kimoja hakitoki. Vyote vimeshayeyuka humo kama sukari ndani ya chai, na anayetaka kuitoa sukari hana budi kumwaga chai. Ingebidi vipande vyote elfu kumi na moja visikilizwe upya, na watu wengine.

"Lakini ilipata tisini na sita," Sikio alisema, kana kwamba analalamikia hesabu.

"Vipande vya mtihani nani aliviwekea majibu?"

Ni yeye. Mtihani aliutunga yeye, majibu aliyaandika yeye, na mwanafunzi alimwiga yeye. Wangekosaje kufaulu? Mhandisi alipeleka habari kwa utawala, nao wakajibu kwamba asilimia ni asilimia, na keki ilishaliwa. Ombi moja tu walilikubali: salamu ya kikwao irekodiwe upya, mkalimani atakaporudi kutoka likizo ya uzazi.

Kwa hiyo Alhamisi ya tatu Sikio alifika nyuma ya posta bila chakula. Alisimama mlangoni, mahali palepale alipowahi kupewa sharti. Fundi viatu aliacha kugonga soli, akajifanya anatafuta kitu ndani ya kopo.

"Dada," Sikio aliuambia mlango. "Siku ile ya kikao, nilisikia. Nilisikia kila kitu."

Cherehani ikasimama. Kisha komeo likavutwa.

Dada alikuwa amevaa tepu ya kupimia shingoni, na macho yake yalikuwa na ukungu kama dirisha la jikoni. Hakumkaribisha wala hakumzuia. Alirudi kukaa kwenye kiti chake, akazungumza akiangalia kitambaa, kwa lugha ya mjini, kila neno limepigwa pasi.

"Najua ulisikia. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikusamehe kabla sijafika stendi ya basi."

Miaka arobaini na mitano Sikio alikuwa amebeba mzigo ambao dada yake alishautua zamani, wala hakuna aliyemwarifu.

"Hili la sasa ndilo sijui nilifanyeje," Dada aliendelea. "Hili umelifanya ukiwa na mvi. Ni nani aliyeiambia simu ya hospitali mimi natoka wapi?"

"Mimi niliifundisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndicho nilichosikia."

"Lini?"

"Tangu zamani, Dada. Tangu siku zote. Ukiuliza kitu."

Mkono wa kulia wa Dada, ule ambao kifundo chake hakikunyooka tena sawasawa, ulikuwa ukilainisha kitambaa kilichokwisha lainika. Aliuliza kama watu wengine wanasikia pia, na alipouliza sauti ilishuka mwishoni, naye akaisikia ikishuka. Kuanzia dakika hiyo hakumwuliza tena swali lolote, na Sikio alielewa, kwa kuchelewa kama ilivyokuwa desturi yake, nini hasa alichomnyang'anya.

Akasema tu kwamba nafasi nyingine ya macho inaweza kupatikana, ila lazima apige yeye mwenyewe. Dada akatoa simu kwenye droo ya vifungo, akaifungulia spika, akapiga. Alizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari: alitaja shida yake, hakuuliza kitu, hakushusha wala hakupandisha. Mashine ikatafakari. Kisha chumba kikajaa sauti ya Sikio ikisema kwa kikwao, karibu, usihangaike. Dada akakata. Akapiga tena, akikaza sauti zaidi, mpaka akawa anasikika kama mtu anayeshitakiwa. Karibu, usihangaike, tumekusikia. Sikio aliyesimama alitamani kumziba mdomo Sikio wa kwenye simu.

Mara ya tatu Dada alimsukumia simu mezani. "Sema wewe."

Sikio akainama. "Hospitali, habari," akasema kwa mazoea, akajirekebisha, akaeleza kuwa anapiga kwa niaba ya mgonjwa wa macho. Mashine haikufikiri hata sekunde. Ikamjibu kwa lugha ya mjini, sauti ya kike, changamfu, na kumwomba asubiri mhudumu. Haikusita. Haikusikia kitu.

Sikio alipokuwa kijana, ndiyo kwanza ameajiriwa, walimpeleka mafunzo ya sauti, akasomeshwa wiki nane penseli ikiwa kati ya meno mpaka akawa hatoki popote. Alitunukiwa cheti. Sikio lake lilikaa miaka yote likielekea nje, na mashine nayo ilirithi sikio hilo jinsi lilivyo.

Muziki wa kusubiri ukaanza. Dada aliinua uso, akamtazama kwa macho yake ya ukungu.

"Kwa hiyo mimi bado natoka kwetu," alisema, "na wewe hutoki kokote."

Hakulisema kwa ubaya. Lingekuwa la ubaya angeweza kulijibu.

Mhudumu aliyepokea alikuwa binadamu, na kwa sababu hiyo hakutambua chochote. Alitaka kumsikia mgonjwa mwenyewe. Dada akasema ndiyo, ni mimi. Mhudumu akasema ahsante mama, nafasi iliyopo ni baada ya miezi minne. Shule zingefunguliwa baada ya mwezi mmoja na nusu. Vitambaa vya shule tatu vilikuwa vimepangwa rafuni hadi darini, vikingoja macho. Dada alivigeukia, akasema vingine atampa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye kwa miaka ishirini Dada amekuwa akimcheka kwa kola zake zilizopinda. Akataja ni vingapi. Sikio akasema atavibeba yeye, na Dada akasema sawa, kwa namna mtu anavyomwambia mchukuzi.

Halafu akarudi kwenye shati aliloliacha. Uzi ulikuwa umekatika alipokuwa anafungua mlango. Aliulamba, akaupeleka kwenye tundu la sindano ya cherehani, ukapita pembeni. Akaupeleka tena. Mara ya tatu aliuinua ule uzi kando, kwenye hewa, bila kugeuka na bila kusema neno, mpaka Sikio alipoelewa kuwa anapewa yeye.

Akaupokea, akapiga goti mbele ya cherehani. Barazani fundi viatu alikuwa ameanza tena kugonga. Sikio akalikazia macho tundu la sindano. Hakuliona. Aliwahi kuambiwa avae miwani, akasema kazi yake ni ya masikio. Akaanza kupapasa.